Fundi Amekwenda Wapi? Maoni juu ya Vitabu vya Kuwajulisha Wasomaji Sanaa ya Renesansi

Miaka mingi iliyopita nilisimamia tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliyechagua kutafsiri kwa Kiswahili sura tatu za kitabu cha utangulizi kuhusu sanaa ya Italia ya karne ya 15, na kisha kuchambua matatizo ya istilahi yaliyojitokeza katika kazi hiyo. Kila mahali ambapo matini chanzi ilimtaja mchoraji kwa lile neno la jumla ambalo sisi tumezoea kulifasiri kuwa 'msanii', yeye aliandika 'fundi'. Masaccio alikuwa fundi. Domenico Ghirlandaio alikuwa fundi. Hata Leonardo alikuwa fundi. Nilichukua kalamu nyekundu nikayakata maneno hayo yote, na pambizoni nikaandika kwamba fundi ni wa saa, wa cherehani na wa bomba, na kwamba tafsiri ya namna hiyo inawashusha hadhi watu wakubwa. Mwanafunzi alitii, kama wanafunzi watiivyo. Makala haya yanakusudia kukiri kwamba yeye alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mimi, na kueleza jinsi vitabu nilivyovitegemea wakati ule vilivyonifanya nisilione kosa langu.

Vitabu tunavyovizungumzia hapa ni vile vilivyoandikwa kwa ajili ya msomaji asiye mtaalamu, ili kumfungulia mlango wa sanaa ya kipindi kinachoitwa kwa lugha nyingi Renesansi. Jina lenyewe lina mashaka yake. Giorgio Vasari alitumia neno 'rinascita', yaani kuzaliwa upya. Mfaransa Jules Michelet ndiye aliyelipa umbo lake la Kifaransa uzito wa jina la kipindi kizima katika juzuu ya historia ya Ufaransa aliyoitoa mwaka 1855, na Jacob Burckhardt wa Basel akalikita kabisa kwa kitabu chake cha mwaka 1860. Kwa Kiswahili wapo wasemao 'Mwamko' na wapo wasemao 'Ufufuko'. Mwamko hudai kwamba waliotangulia walikuwa wamelala. Ufufuko hudai kwamba walikuwa wamekufa. Hizo ni hukumu kabla ya kuwa majina. Neno la kutoholewa lina hukumu hiyo hiyo ndani yake, lakini angalau katika Kiswahili hukumu hiyo haisikiki, na kwa sababu hiyo nimeona afadhali kusema Renesansi.

Mzazi wa vitabu hivi vyote ni huyo Vasari (1511–1574), mchoraji na msanifu majengo kutoka Arezzo, aliyefanya kazi chini ya mtawala Cosimo I de' Medici. Kitabu chake cha maisha ya wasanifu majengo, wachoraji na wachongaji kilichapishwa Florence mwaka 1550, kikapanuliwa sana na kuchapishwa tena mwaka 1568. Ndiye aliyeigawa historia ya kazi hizo katika enzi tatu, mithili ya umri wa mwanadamu: Cimabue na Giotto wakawa utoto wake, Masaccio, Brunelleschi na Donatello wakawa ujana wake, Leonardo, Raphael na, juu ya wote, Michelangelo wakawa utu uzima wake. Msomaji wa leo akifungua karibu kitabu chochote cha utangulizi atakuta sura zimepangwa kwa utaratibu huo huo, mara nyingi bila ya kuambiwa kwamba utaratibu huo ulibuniwa na mtu fulani kwa ajili ya haja fulani.

Visa vyake navyo vimerithiwa. Giotto ni mtoto mchunga kondoo anayechora kondoo wake juu ya jiwe, Cimabue akapita njiani, akamwona, akastaajabu. Mtafiti wa tendi zetu hatashindwa kuitambua fani hiyo: ni shujaa ambaye dalili za ushujaa wake huonekana angali mdogo. Kisa kingine kinadai kwamba Andrea del Castagno alimwua Domenico Veneziano kwa kumwonea wivu juu ya siri ya rangi za mafuta. Nyaraka zilizochunguzwa katika karne ya 19 zilionyesha kwamba Castagno alifariki mwaka 1457 na Domenico mwaka 1461. Aliyeuawa, basi, alimzika muuaji wake, na kukaa baada yake miaka minne.

Sisemi haya kwa nia ya kumkejeli Vasari. Alikuwa na kesi ya kutetea, na aliitetea kwa mbinu zote za balagha zilizokuwapo. Wachoraji wa Florence walikuwa wameandikishwa katika chama cha matabibu na wauza dawa, kwani ni kwa wauza dawa ndiko rangi ziliponunuliwa. Neno 'arte' lilimaanisha kazi ya mikono yenye ujuzi wake, na pia chama cha watu waliofanya kazi hiyo. Majina yao yenyewe yanatoa ushahidi: Andrea del Sarto ni Andrea wa fundi cherehani, Pollaiuolo ni jina linalotokana na uuzaji wa kuku, Ghirlandaio ni mtengeneza mashada. Vasari alitaka watu hawa wapewe nafasi mezani pamoja na washairi na wanafalsafa, na mwaka 1563 alishiriki katika kuanzishwa kwa akademia ya Florence iliyowakusanya chini ya dhana moja ya 'disegno'. Dhana hiyo ni ngumu kuifasiri, maana ni mchoro wa mkono na hapo hapo ni usanifu unaotangulia akilini. Sisi tumezigawa maana hizo mbili katika maneno mawili, naye hoja yake yote ilitegemea kwamba ni neno moja.

Lakini hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Neno la jumla analolitumia Vasari kwa watu wake si 'artista', bali ni 'artefice', litokanalo na Kilatini 'artifex': mtu anayetengeneza kitu kwa ujuzi. Hata toleo la pili lina salamu kwa 'artefici' wa disegno. Tena kitabu chake hakianzi na Cimabue. Kabla ya maisha ya mtu yeyote kuna utangulizi mrefu juu ya usanifu majengo, uchongaji na uchoraji, ambamo msomaji huelezwa aina za mawe, namna ya kumimina shaba, namna ya kupaka rangi juu ya lipu ikiwa bado mbichi, na namna ya kuandaa ubao. Vasari alimpandisha fundi cheo bila ya kuuficha ufundi wake.

Ni nani basi aliyeuficha? Kwa sehemu kubwa ni wafupishaji na wafasiri. Teuzi za Kiingereza ambazo wengi wetu tumezisoma, ule wa George Bull wa mwaka 1965 na ule wa Julia Conaway Bondanella na Peter Bondanella wa mwaka 1991, zimeuacha utangulizi huo wa kiufundi, pamoja na maisha ya watu wengi walioonekana kuwa wadogo. Utangulizi wenyewe ulitafsiriwa na Louisa Maclehose na kutolewa peke yake mwaka 1907, kama kwamba ni kitabu cha wasomaji wengine kabisa. Matokeo yake ni kwamba Vasari wa vitabu vya utangulizi si Vasari. Amebakizwa akiwa na mashujaa bila karakana, na neno lake 'artefice' limegeuzwa kuwa neno ambalo kwa masikio ya leo hubeba upweke, wazimu mtukufu na kipaji kisicho na mwalimu. Nami nilipoikata 'fundi' ya mwanafunzi wangu nilikuwa nikilitetea neno ambalo Vasari mwenyewe hakulitumia. (Jambo la kuchekesha ni kwamba mitaani kwetu 'msanii' amekwisha kupata maana ya mtu wa hila, na 'usanii' ni ulaghai. Neno nililodhani lina heshima zaidi lilikuwa limeanza kuichezea heshima hiyo.)

Kitabu cha utangulizi kilichosomwa kuliko vyote katika karne ya 20 ni historia ya sanaa ya E. H. Gombrich, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1950, na toleo lake la 16 lilitoka mwaka 1995. Yafaa kukiri ubora wake. Lugha yake ni nyepesi bila ya kuwa ya kitoto. Hatumii istilahi pale ambapo neno la kawaida linatosha. Na kila anapotaja picha, picha ipo mbele ya msomaji. Nimewapa wanafunzi wa uandishi kurasa zake kadhaa kama kielelezo, nami sijuti. Aidha, Gombrich si mtu wa kusimulia miujiza. Kwake yeye kila mchoraji hukabiliwa na tatizo, hulitatua, na utatuzi wake huzaa tatizo jingine kwa atakayefuata. Hata hivyo utaratibu wa enzi za Vasari haujaondoka. Sura ya Florence ya mwanzo wa karne ya 15 imepewa jina linaloeleza kutekwa kwa uhalisi, na ile ya Toscana na Roma ya mwanzo wa karne ya 16 imepewa jina linaloeleza kufikiwa kwa ulinganifu. Mtu huteka nchi ambayo haikuwa yake, na hufika mahali alipokuwa akielekea. Wachoraji wa mwaka 1425 hawakujua kwamba walikuwa wakielekea kwa Raphael. Walijua tu nani aliwalipa, na kwa kazi gani.

Malipo hayo ndiyo mlango wa kitabu ambacho, kwa maoni yangu, kingepaswa kuwa cha kwanza mikononi mwa mwanafunzi. Ni kile kitabu chembamba cha Michael Baxandall juu ya uchoraji na maisha katika Italia ya karne ya 15, kilichotolewa mwaka 1972 na kutolewa tena mwaka 1988. Baxandall haanzi na mtoto wa ajabu. Anaanza na mikataba, na miongoni mwake ni ule wa mwaka 1485 kati ya Ghirlandaio na mkuu wa hospitali ya watoto waliotupwa, Spedale degli Innocenti, mjini Florence, kwa ajili ya picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Bei ni florini 115, na mkuu wa hospitali amejiwekea haki ya kumwuliza amtakaye kama kazi inastahili fedha hizo. Muda ni miezi 30. Rangi ni kwa gharama ya mchoraji. Buluu iwe ya ultramarini, yenye thamani ya kiasi cha florini nne kwa aunsi. Rangi hiyo ilitokana na jiwe la lapis lazuli lililochimbwa katika milima ya Badakhshan, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, na jina lake lina maana ya kitu kitokacho ng'ambo ya bahari. Picha yenyewe ipo hadi leo katika jumba hilo hilo, na ina tarehe ya 1488.

Mtu aliyesoma mkataba huo huitazama ile buluu ya vazi la Bikira kwa jicho jingine. Haoni tena 'hisia za msanii'. Anaona kifungu cha mkataba kilichotekelezwa, heshima iliyopimwa kwa aunsi. Kisha Baxandall anamwonyesha kwamba kadiri karne ile ilivyosonga mbele, wenye fedha walipunguza kudai dhahabu na ultramarini, wakaanza kudai mkono wa bwana mkubwa mwenyewe badala ya wa wasaidizi wake. Kwa maneno mengine, kile kipaji ambacho vitabu vingine hukichukulia kuwa chanzo cha yote, hapa kinaonekana kikizaliwa kama kipengele cha bei. Sijui hoja nyingine katika fani hii inayomwondolea mwanafunzi ujinga mwingi kwa kurasa chache kiasi hicho.

Kwetu sisi wa taaluma za lugha, hata hivyo, utajiri mkubwa zaidi wa Baxandall uko katika maneno. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu wanabalagha wa Italia na uchoraji, alionyesha kwamba watu wale waliona picha kwa kufuata mikondo ya Kilatini walichokisoma. Mfano wake bora ni Leon Battista Alberti, aliyeandika risala juu ya uchoraji kwa Kilatini na kwa Kitoskana katika miaka ya 1435 na 1436, na ambaye pia aliandika sarufi fupi ya Kitoskana inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya lugha hiyo. Alberti anaposema juu ya 'compositio' ya picha, analichukua neno hilo kutoka darasa la balagha. Mwanafunzi wa Kilatini alifundishwa kwamba maneno huunda virai, virai huunda vishazi, na vishazi huunda sentensi kamili. Alberti akasema kwamba nyuso huunda viungo, viungo huunda miili, na miili huunda picha. Kila kitabu cha utangulizi hulitumia neno hilo kwa maana ya 'mpangilio', na hakuna msomaji anayeambiwa kwamba anashika mkononi kipande cha sintaksia.

Katika kile kitabu cha 1972 anafanya vivyo hivyo kwa maneno ya Cristoforo Landino, mfafanuzi wa Dante, aliyewaeleza wachoraji wa Florence mwaka 1481. Masaccio kwa Landino ni 'puro', bila 'ornato'. Mfasiri mwenye haraka ataandika 'safi', na atakuwa amepotoka, kwani Landino hazungumzii unadhifu wala utakatifu. Anazungumzia mtindo usio na madoido, kama mhakiki wetu angesema juu ya mshairi asiyependa kupamba. Kuna pia taarifa ya mwaka 1490 hivi, ambayo wakala mmoja alimpelekea mtawala wa Milano juu ya wachoraji waliopatikana Florence: Botticelli ana 'aria' ya kiume, Filippino Lippi ana iliyo tamu zaidi, Perugino ana ya kimalaika, na Ghirlandaio ana nzuri tu. 'Aria' ni hewa, lakini 'hewa ya kiume' kwa Kiswahili ni upuuzi. Nimejaribu 'sura', nikaona ni finyu mno. Nimejaribu 'mwonekano', nikaona hakuna ndani yake kile kinachomgusa mtazamaji. Neno 'haiba' ndilo lililonitosheleza. Lina sura ndani yake, lina tabia, na lina ule mvuto ambao mnunuzi wa Milano alikuwa akiulizia. Jambo la kuzingatia ni kwamba sikuipata 'haiba' kwa kuitafuta katika kamusi ya istilahi za sanaa. Niliipata kwa kuelewa kwamba wakala yule alikuwa akimpa bwana wake habari za bidhaa.

Baxandall ana upungufu wake, na baadhi yake aliukiri mwenyewe. Jicho la kipindi analolieleza ni jicho la mwanamume mwenye biashara, aendaye kanisani, aliyesoma hesabu katika shule za abako, ajuaye kukadiria ujazo wa pipa kwa kuliangalia, na apendaye dansi ya kistaarabu. Mkulima na mtumishi hawamo, na mwanamke hayumo ila kama picha. Juu ya hilo Vasari anamshinda, kwani toleo lake la 1568 lina angalau Properzia de' Rossi, mtawa Plautilla Nelli na Sofonisba Anguissola. Evelyn Welch, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya sanaa na jamii nchini Italia kati ya 1350 na 1500, alilipanua eneo hilo na kuvuka mipaka ya Florence, na ningependa asomwe mara baada ya Baxandall. Gombrich angefuata, na Vasari angekuja mwisho, akiwa mzima pamoja na utangulizi wake, msomaji akiwa tayari kumsikiliza kama wakili.

Mpangilio huo una faida nyingine inayotuhusu kwa karibu. Vitabu vya mashujaa huifungia Renesansi katika picha za ukutani na katika miji mitatu au minne. Lakini ukimrudisha fundi, kazi zake zote hurudi pamoja naye, na mojawapo ilikuwa ujenzi wa ngome. Leonardo alimtumikia Cesare Borgia mwaka 1502 kama mhandisi wa vita, na Michelangelo alisimamia ulinzi wa kuta za Florence mwaka 1529. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, ilisanifiwa na Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Milano aliyekuwa katika utumishi wa Mfalme Philip II. Ilipoingizwa mwaka 2011 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba umbo lake linafuata lile wazo la Renesansi kwamba ulinganifu kamili hupatikana katika mwili wa mwanadamu. Mwanafunzi wangu alizaliwa Mombasa. Alikuwa ameipita kazi hiyo ya ufundi wa Kiitaliano mara zisizohesabika, na katika sura tatu alizotafsiri hakukuwa na sentensi moja ya kumwambia hivyo. Wala mimi sikumwambia.

Kitabu cha Kiswahili juu ya somo hili kitahitajika siku moja, na inanielekea kwamba kishawishi kitakuwa kutafsiri kile kinachouzwa zaidi. Ningewasihi watakaoamua waanze na mikataba na maneno, hata kama itawabidi waandike wenyewe badala ya kutafsiri. Tatizo la istilahi halitakuwa kubwa kama tunavyoliogopa. 'Urari', 'madoido', 'haiba', 'mkono' na 'karakana' yapo. Pale tusipokuwa na neno, kwa mfano kwa zile kanuni za kuonyesha umbali juu ya ubao bapa, tunaweza kueleza kwa sentensi nzima, kama Alberti alivyolazimika kueleza kwa Kitoskana mambo ambayo Kitoskana hakikuwa kimewahi kuyasema.

Ile nakala yenye wino wangu mwekundu bado ninayo. Nimeipitia upya kabla ya kuandika makala haya, na kila mahali nilipokata 'fundi' nimeirudisha kwa penseli, isipokuwa mahali pamoja. Katika barua ya mwaka 1548 kwa mpwa wake, Michelangelo aliagiza kwamba asiandikiwe tena kama 'mchongaji', kwa kuwa hakuwa kamwe mchoraji wala mchongaji wa namna ya wale wenye duka. Huyo peke yake nimemwachia jina lake tupu, kama alivyotaka.